Baba Mkwe, Mimi na Hesabu za Pareto

Wajukuu zangu wa kemia, nasikia siku hizi mnabonyeza kitufe, mnakwenda kunywa chai, mkirudi molekuli imeshahesabiwa, imepakwa rangi na inazunguka yenyewe kwenye kioo. Hongereni. Sina wivu, au ninao kidogo tu. Lakini juzi mmoja wenu, kijana mzuri mwenye ndevu zilizochongwa, alikuja nyumbani kuniletea kazi yake niisome. Nikamuuliza, "Umejuaje kwamba jibu hili ni sahihi?" Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama bibi anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake, akasema, "Bibi, kompyuta ndiyo imesema."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikaona heri niwaandikie, maana nimefundisha kemia ya nadharia miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na kompyuta ya kwanza niliyofanya nayo kazi ilikuwa na mke, ng'ombe wanne na kiti chake maalumu kanisani. Ilikuwa ni baba mkwe wangu.

Jina lake sitalitaja. Kwetu Unyakyusa mwanamke hatamki jina la baba wa mumewe, na ingawa mimi nimevunja mengi maishani, hilo sijalivunja. Nitamwita Mzee, mtavumilia.

Ilikuwa Mbeya, miaka ya hamsini, mji ungali mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya sokoni Jumamosi, Jumapili kanisani unaulizwa kama mafua yamepona. Milimani watu walilima pareto, yale maua meupe ya kuulia wadudu. Pareto ilikuwa na tabia moja mbaya: ikikaa juani inapoteza nguvu. Nzi aliyepaswa kufa anapata kizunguzungu tu, anapumzika ukutani, kisha anaendelea na shughuli zake. Sasa palikuwa na maabara ndogo ya kupima maua hayo, na ndani yake Mzungu mmoja, daktari wa kemia, ambaye mji mzima ulimwita Dokta Pareto naye akaitika. Aliajiriwa kupima nguvu ya maua. Moyo wake lakini ulikuwa kwingine. Alitaka kujua kwa hesabu tupu, bila kushika chupa, ni mahali gani hasa ndani ya molekuli ya pareto ambapo mwanga unavunja.

Ninyi mnayajua haya, lakini huenda mama zenu nao watasoma, kwa hiyo nieleze. Atomi katika molekuli zinashikana kwa elektroni. Baadhi ya elektroni hizo hazina kwao maalumu. Ni kama ng'ombe wa kijiji wanaochungwa pamoja: huwezi kusema saa hizi huyu yuko kwenye shamba la nani, lakini ukijua malisho yalivyokaa unaweza kuhesabu wengi watakuwa upande gani. Kazi yetu ilikuwa kuchora molekuli, kuzipa atomi zake namba, moja hadi kumi, kisha kujenga jedwali la mistari kumi na safu kumi: hapa atomi hii inashikana na ile, weka moja, hapa hazishikani, weka sifuri. Atomi ya oksijeni ilikuwa na namba zake za pekee, kama kawaida ya wageni. Kutoka kwenye jedwali hilo tulitafuta viwango vya nishati, kimoja kimoja, kwa kukisia namba, kuijaribu, kuona imekosea kiasi gani, na kuikisia upya. Jina la kitaalamu la kazi hiyo ni refu. Mimi naiita kubahatisha kwa adabu. Kiwango kimoja kilichukua siku nzima, kama mashine haikugoma.

Mashine yenyewe ilikuwa ya chuma, nzito, yenye mkono wa kuzungusha. Ukitaka kuzidisha kwa saba unazungusha mara saba, unasogeza kisanduku cha juu hatua moja, kinalia *tak*, unaendelea na tarakimu inayofuata. Mzee alikuwa ameizungusha kwa miaka kumi na mitano kwa ajili ya wapima ardhi kabla Dokta hajamchukua. Alikuwa ameipima nusu ya nchi bila kuinuka kwenye kiti.

Mimi niliingia pale nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuwa mwalimu, akanisomesha mpaka majirani wakaanza kumsikitikia. Nilikuwa nafundisha hesabu shule ya wasichana wakati Dokta alipokuja kuuliza kama yuko mtu ambaye namba hazimchoshi. Walimu wote wakanitazama mimi, nami nikachukulia kuwa ni sifa.

Wiki ya kwanza nilikosea tarakimu nikaifuta kwa raba. Mzee akaichukua ile raba, akaitia mfukoni, na sijaiona mpaka leo.

"Kosa halifutwi," akaniambia. "Linapigwa mstari mmoja, lionekane. Ukilifuta, kesho utalirudia, maana hutajua kama lilishawahi kukaa hapo."

Wiki ya pili palikuwa na baridi ile ya Juni inayoshuka kutoka mlima Loleza, mafuta ya mashine yakaganda. Nikaisogeza karibu na jiko la mkaa ipate moto, nikajisahau. Kishikio kikaanza kunuka.

Mzee akanusa. "Umeichoma," akasema. "Sasa tuile na nini, maharage au maziwa ya mgando?"

Ndivyo alivyofundisha. Alinionyesha safu ya ukaguzi, ambayo nyie hamuijui na ni aibu yenu. Pembeni ya jedwali unaongeza safu moja, ambayo ni jumla ya kila mstari. Kila unalolitenda kwa mstari, unalitenda na kwa jumla yake. Mwishoni unajumlisha upya. Zikilingana, mkono wako haukuteleza. Nilipenda sana safu ile. Nilidhani ni malaika mlinzi. Mzee alipoona ninavyoipenda alisema tu, "Inakagua mkono, haikagui macho," na mimi, kwa kuwa nilikuwa na akili nyingi, sikuuliza ana maana gani.

Desturi ya kazi yetu ilikuwa kwamba kila hesabu hufanywa na watu wawili, kila mtu peke yake, tangu kuchora molekuli mpaka jibu. Majibu yakilingana, Dokta anayapokea. Yakitofautiana, tunakaa meza moja, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka kosa litoke lilikojificha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na sisi tuliinama pamoja mwaka mzima.

Kisha nikaharibu mambo kwa kuolewa.

Mzee alikuwa na mtoto wa kiume, Ambakisye, mwalimu wa shule ya msingi Iyunga, mtu wa maneno machache na baiskeli safi. Alianza kupita maabara kumsalimu baba yake. Aliendelea kumsalimu mara nne kwa wiki, mpaka Mzee mwenyewe akasema hajawahi kupendwa na mwanawe kiasi kile. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu nikaenda kazini, nikafika mlangoni, nikakumbuka.

Lazima niwaeleze, maana wengine wenu mnakula meza moja na wakwe zenu na kubishana nao habari za mpira. Kwetu mke hakutani na baba mkwe. Hamwangalii, hakai naye chumba kimoja, hamtaji jina. Akimwona anakuja njiani, anaiacha njia, anaingia majanini na kujifunika mpaka apite. Mchungaji wetu alihubiri kwamba hayo ni ya kale. Mama mkwe alimsikiliza kwa heshima zote, na tulipotoka akasema, "Mchungaji si yeye anayeishi na sisi."

Basi Dokta akafika akakuta karani wake mmoja yuko ndani na mwingine amesimama uani nyuma ya tangi la maji. Alieleweshwa na watu watatu kwa lugha tatu. Mwishowe alimwita seremala, akapiga ukuta wa mbao katikati ya chumba na kutoboa mlango wa pili upande wangu, nami nikapewa mashine yangu. Ajabu ni kwamba aliufurahia. Aliandika barua Ulaya akijisifu kwamba wahesabu wake wanafanya kazi kila mtu kivyake kabisa, kiasi kwamba hawajawahi hata kutazamana. Nadhani huko walimwona mtu makini sana.

Ukuta wa mbao lakini hauzuii sauti. Baada ya miezi miwili nilikuwa naweza kusikiliza mkono wa mashine ya Mzee na kuandika anachozidisha: mizunguko mitatu, tak, mizunguko minane, tak, mmoja. Sikufanya hivyo kwa ubaya. Masikio hayana kifuniko. Naye, nilikuja kujua, alinisikia hivyo hivyo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tulifika kwenye jedwali kubwa la pareto yenyewe, lile la atomi kumi, na Dokta akaja na habari. Profesa mmoja kutoka Ulaya, mtu mkubwa katika hesabu za namna hii, angepita Iringa na kulala siku mbili. Alikuwa na nafasi moja mkononi: kumpeleka kijana mmoja wa Tanganyika kwenye masomo ya matayarisho, kisha chuo kikuu, Uganda. Dokta alikuwa amemwandikia habari zangu. Ningekwenda Iringa na hesabu ya pareto, na kama ni safi, nafasi ni yangu.

Sijui nieleze vipi nilivyoitaka. Ambakisye alikubali mara moja. Alisema afadhali mke aliye Uganda anasoma kuliko mke aliye Iyunga ananuna. Nilikuwa naamka nikiwaza ile safari, nalala nikiiwaza. Nilitaka kujua zile hesabu zinatoka wapi, nani alizianza, kwa nini zinafanya kazi. Nilikuwa nimechoka kuwa mkono.

Jumatatu ya wiki ya safari tukatoa majibu. Dokta akaja mlangoni kwangu, karatasi mbili mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia maji ya kuoga.

"Tusekile," akasema, "hii mbili hapana sawa. Sababu nini?"

Kiwango cha chini kabisa, kile muhimu, changu kilitofautiana na cha Mzee tangu desimali ya pili. Zamani tungekaa meza moja na kufika saa sita tumeshamaliza. Sasa ilikuwa haiwezekani. Dokta akasema kila mtu akague upya peke yake na kesho alete jibu la mwisho, lenye sahihi.

Nilikagua. Safu yangu ya ukaguzi ililingana mpaka tarakimu ya mwisho. Tena nilikumbuka kwamba Ijumaa nilisikia ukutani Mzee akizungusha mara sita mahali ambapo mimi nilizungusha saba. Basi, nikajua. Mzee alikuwa ameruka mzunguko. Amezeeka, nikawaza, na nikamwonea huruma, huruma ile ya vijana isiyoombwa na mtu.

Lakini kujua ni jambo moja. Kama ningeshikilia jibu langu, maana yake mkwe mpya, hata mwaka hajamaliza, ameandika na kutia sahihi kwamba baba wa mumewe amekosea, na karatasi hiyo ipelekwe Iringa kwa wageni. Wanasema heshima si utumwa. Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuwa wake za watu. Dokta alikuwa amemwonyesha Mzee jibu langu, nami akanionyesha lake. Nikachukua karatasi safi, nikaliandika hilo, nikatia sahihi. Nilijiambia kwamba Mzee naye atakagua, ataona kosa lake, atarekebisha, na jibu sahihi litamfikia Dokta kutoka mkononi mwake mwenyewe. Sikuwaza zaidi. Moyo ulikuwa umeniuma, na mtu akiumwa moyo hahesabu vizuri.

Jumanne asubuhi Dokta akaziweka karatasi mbili sambamba. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Jibu langu lilikuwa la Mzee. Jibu la Mzee lilikuwa langu. Tofauti ilibaki palepale, imegeuzwa tu.

"Hii nini?" Dokta akauliza. Mimi nikatazama sakafu. Upande wa pili wa ukuta Mzee akakohoa.

Dokta akajifungia ofisini na kuifanya hesabu yote upya, mwenyewe, kuanzia mchoro. Jumatano jioni akatoka amevimba macho, anatabasamu, akaja mlangoni kwangu na kunipa mkono.

"Wewe iko sawa!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mzee iko makosa. Wewe shinda mwalimu yako!"

Nikatikisa ule mkono. Alipoondoka nikachukua kazi yangu ya kwanza, ile ya Jumatatu, na nikaacha kutazama hesabu. Nikatazama mchoro. Sikuchukua hata dakika tano. Mahali pete ya molekuli inapofunga, atomi ya saba inashikana na ya kumi. Mimi nilikuwa nimeishikisha na ya tisa. Tangu siku ya kwanza. Kila nilichokizungusha baada ya hapo kilikuwa sahihi bila dosari, hesabu safi kabisa ya kitu ambacho hakipo duniani, na safu yangu ya ukaguzi iliikubali kwa furaha, maana inakagua mkono, haikagui macho.

Kwa hiyo jibu ambalo lilikuwa linanipeleka Uganda halikuwa langu. Niliandika la Mzee kwa kumwonea huruma, nalo ndilo lilikuwa la kweli.

Nilikwenda jikoni kwa mama mkwe, nikamwomba amuulize mumewe swali moja: kwa nini alibadilisha? Mama mkwe hakujua kusoma, lakini kupeleka maneno alijua kuliko posta. Alikwenda, akakaa huko kitambo, akarudi akiendelea kuchambua mboga.

"Anasema ile ya saba haishikani na ya tisa. Sijui ni shamba au ni nini. Anasema alisikiliza mashine yako ukutani, akaipanga kwa maharage mezani, akaiona."

"Sasa kwa nini akaandika langu, mama?"

"Anasema hesabu yake yeye haimpeleki popote zaidi ya Iyunga. Yako inaweza kupanda basi. Anasema alijua Mzungu ataihesabu mwenyewe, atalikuta jibu la kweli, na atalikuta mkononi mwako."

"Alijuaje kwamba nami nitabadilisha?"

Mama mkwe akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanateremka. "Anasema mtoto wa watu umelelewa. Na anasema unyamaze."

Nimekaa na maprofesa wa nchi sita, wajukuu zangu, nimewaona watu wakitabiri mwenendo wa vitu visivyoonekana kwa macho. Sijaona hesabu nzuri kuliko ile. Mzee alinihesabu mimi, na nikatoka kama alivyonikadiria.

Nikanyamaza. Alhamisi tukaondoka na gari la maabara, Dokta anaendesha, mimi nyuma na mama mkwe, maana mke wa mtu hasafiri na Mzungu peke yake hata kwa ajili ya elektroni. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo. Mpaka Makambako mama mkwe alikuwa ameshamwombea Dokta msamaha wa dhambi mara mbili. Iringa tulilala kwa mama mmoja wa kanisani, mzaliwa wa Kilolo, aliyetupokea kwa "Kamwene!", salamu ya Kihehe, na ugali wa moto. Akauliza tumefuata nini baridi yote hii.

Mama mkwe akajinyoosha. "Tumeleta hesabu ya mume wangu," akasema. "Kuna mgeni amekuja kutoka Ulaya kuitazama."

Alisema vile kwa furaha tupu. Yeye hakuona tatizo lolote: hesabu ni ya mumewe, imebebwa na mkwe wake, yote ni mali ya nyumba moja. Mimi ugali ukanishinda.

Asubuhi tukamkuta profesa barazani kwenye nyumba ya wageni, blanketi magotini, kikombe mkononi. Alikuwa mtu mpole. Alisoma polepole jedwali langu, nililoliandika upya Jumatano usiku, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kisha akachukua ile karatasi nyingine yenye jibu lisilo sahihi.

"Na huyu mwenzako," akauliza kwa Kiingereza, "alikosea wapi?"

Swali jepesi kuliko yote duniani. Nililijua jibu lake kwa ukamilifu: saba na tisa. Nilihitaji tu kusema kosa langu na kulivika jina la Mzee. Mama mkwe alikuwa ameketi ngazini anamtazama profesa kama anayesubiri mumewe asifiwe. Nikafungua mdomo. Ulimi ulikataa. Si ushujaa, msinipambe. Ulikataa tu, kama ng'ombe anavyokataa daraja.

"Kosa ni langu," nikasema. "Tulibadilishana karatasi. Jibu la kweli ni lake."

Dokta akaanza kukohoa. Profesa akaweka kikombe chini.

"Lake nani? Jina lake ni nani huyo?"

Hapo sasa. Nilikuwa nimekubali kuitupa Uganda, lakini kutamka jina la baba mkwe mbele ya mama mkwe, hapana. Nikanyamaza. Profesa akarudia swali. Nikazidi kunyamaza. Niliona anaanza kuamini kwamba mtu huyo hayupo, kwamba nimemtunga. Mwisho nikachukua penseli mezani, nikaligeuza jedwali, nikaliandika jina lake nyuma, majina yote mawili. Mila zetu ni za kale sana; hazikusema lolote kuhusu penseli. Ni mara moja tu nimeliandika, na hapa sirudii.

"Umeandika nini?" mama mkwe akanong'ona.

"Hesabu, mama."

Profesa akanitaka nieleze kosa lenyewe, nikaeleza. Akauliza umri wa Mzee. Nilipomjibu akasikitika, nafasi ilikuwa ya vijana. Akanirudishia karatasi zangu.

"Mwakani niletee hesabu yako mwenyewe," akasema. "Kwa hii siwezi kukupa kitu."

Natamani niwaambie kwamba alivutiwa na ukweli wangu akanipa nafasi palepale. Hadithi za namna hiyo nimezisoma nyingi. Nafasi alipewa kijana mwingine, na nasikia alifaulu vizuri. Dokta hakusema nami neno mpaka tunaiona Mbeya. Mimi nililia nusu ya njia, na mama mkwe, asiyeelewa sawasawa ninalilia nini, alinifuta vumbi na machozi kwa khanga yake na kusema mke haachwi kwa kosa moja.

Nyumbani nilingoja neno la Mzee. Lilikuja jioni ileile kupitia jikoni. "Anauliza nani amekutuma." Baadaye kidogo: "Anasema amekupikia, umemwaga." Lilinichoma. Nilidhani atafurahi walau kidogo. Bado naamini nilifanya sawa, na bado linanichoma.

Mwaka uliofuata Mzee hakunihurumia. Chini ya ukuta wa mbao palikuwa na upenyo wa vidole viwili, na kazi yangu yote ikawa inapita hapo. Nilisukuma karatasi, ikarudi na msalaba mmoja pembeni. Hakuonyesha kosa liko wapi. Nikatafuta siku, siku mbili, nikasukuma tena. Ikarudi na msalaba uleule. Akiwa hana msalaba wa kuweka, aliirudisha ikiwa nyeupe, bila hata alama ya kusema vyema. Nilijifunza kupanga maharage. Nilijifunza kuchora molekuli mara tatu, na kila mara kuanza kuzihesabu atomi kutoka upande tofauti, ili macho yasipate njia yaliyoizoea. Hiyo, kijana wangu wa ndevu, ndiyo njia ya kujua kama jibu ni sahihi: uliendee kutoka mahali ambapo hulijui. Kompyuta yako inakagua mkono.

Dokta alichapisha kazi ile ya pareto katika jarida la kwao, akawashukuru "makarani wawili wa hesabu", bila majina. Nilipomweleza mama mkwe tulichogundua, kwamba kuna kifungo fulani katika molekuli ambacho mwanga unakivunja, alifikiri, akauliza, "Kwa hiyo mnasema ianikwe kivulini?" Nikasema ndiyo. "Sisi tunaianika kivulini," akasema, akaendelea na mboga zake.

Mwaka ulipokwisha nilituma kwa profesa hesabu mbili, zangu tangu mchoro mpaka desimali ya mwisho. Zilikuwa zimerudi kutoka chini ya ukuta zikiwa nyeupe. Barua ya kunikubali ilikuja kabla ya mvua.

Siku ya safari Ambakisye alitangulia stendi na baiskeli kuwahi nafasi kwenye basi. Mimi nikafuata kwa miguu na sanduku kichwani, nimevaa gauni langu la pekee la maana na viatu vilivyong'arishwa. Ilikuwa asubuhi ya umande, njia nyembamba, majani pande zote yamefika kifuani. Nikakata kona, nikamwona Mzee anakuja kwa mbele.

Niliijua kazi yangu. Nikashika sanduku vizuri, nikakunja gauni, nikageuka kuingia majanini. Sikuwahi. Mzee alikuwa ameshaiacha njia. Mwanamume yule, mzee wa kanisa, mwenye magoti mabovu, alipiga hatua mbili ndani ya umande mpaka suruali ikalowa, akanipa mgongo, akasimama anatazama mlima, kofia mkononi.

Kwetu jambo hilo halipo. Baba mkwe hampishi mtu, sembuse mke wa mwanawe. Nilisimama, sijui kama nijifunike au nikimbie. Yeye hakugeuka. Alingoja tu.

Nikapita, wima, katikati ya njia, na viatu vyangu vikavu.